The Fable: uanze na manga, filamu au anime?

Kila ninapoisifu The Fable, swali linalofuata huwa ni lile lile: nianzie wapi? Kuna manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya juzuu 22, kuna filamu mbili za waigizaji, na tangu 2024 kuna anime (katuni ya televisheni ya Kijapani) ya vipindi 25. Kwa sehemu kubwa zote zinasimulia kisa kimoja na wahusika ni wale wale. Hata hivyo mtu akianza na moja anaweza kuipenda hadithi hii moja kwa moja, na akianza na nyingine akaiacha baada ya dakika ishirini akijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Nimezipitia zote, na ninaithamini kazi hii kiasi cha kutotaka mtu aipoteze kwa kuanza vibaya.

Kwa asiyeijua kabisa: mtunzi ni Katsuhisa Minami, aliyeanza kuichapisha katika jarida la Weekly Young Magazine la Kodansha mwishoni mwa 2014 na kuimaliza sehemu ya kwanza mwishoni mwa 2019. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2017, ilipata Tuzo ya Manga ya Kodansha katika kundi la kazi za jumla. Mhusika mkuu ni kijana muuaji wa kukodiwa ambaye wahalifu wanamjua kwa jina la Fable tu, na wengi wao hawana hakika kama yupo kweli au ni uvumi. Ameua wengi mno ndani ya muda mfupi, na bosi wake anaona sasa inatosha. Anampeleka Osaka pamoja na mwanamke anayemwendeshea gari kazini. Wanatakiwa wakae huko mwaka mzima kama kaka na dada, kwa majina ya Akira na Yoko Sato, chini ya uangalizi wa kundi la yakuza, yaani wahalifu wa Kijapani waliojipanga, ambalo bosi anafahamiana nalo tangu zamani. Sharti ni moja: mwaka huo asiue mtu yeyote. Akiua, bosi atamuua yeye.

Ucheshi wote unachimbuka hapo. Akira alifundishwa kazi hiyo tangu utotoni, hadi kuachwa msituni na kisu ajitafutie uhai wake mwenyewe, kwa hiyo mambo ambayo sisi tunayafanya bila kufikiri yeye inabidi ayasome upya. Nyumbani anakaa uchi. Ulimi wake hauvumilii chochote cha moto. Anafuga kasuku mdogo na kumchukulia kama mwenzake wa nyumbani. Anamhusudu mchekeshaji wa televisheni aitwaye Jackal Tomioka, ambaye waliomzunguka hawamwoni wa kuchekesha hata kidogo, na kila Jackal akitokea kwenye skrini Akira anaangua kicheko mpaka mbavu zinamuuma. Anapata kibarua katika kampuni ndogo ya usanifu wa michoro iitwayo Octopus, kwa yeni 800 kwa saa, na huko inagundulika kwamba mtu huyu wa kutisha anachora kama mtoto wa chekechea. Mwenye kampuni anaipenda michoro hiyo kwa dhati. Na nyuma ya haya yote, umbali wa mitaa michache tu, kuna watu wanaopigana risasi na kuzika maiti.

Ukishaelewa hilo, unaona ugumu wa kuihamisha hadithi hii kwenye skrini. Anayeingia kwa ajili ya mapigano atasubiri sana. The Fable inaishi kwenye kusubiri: una mtu anayeweza kummaliza yeyote chumbani kwa sekunde chache, naye ameketi na glasi ya bia, kimya, akijaribu kuelewa kwa nini wenzake wanacheka. Ndiyo maana mimi ninazipima zote tatu kwa jambo moja, yaani kila moja inafanya nini na ule muda ambao hakuna kinachotokea.

Manga inaufanyia makubwa. Minami anachora watu kama unavyowakuta kwenye baa au kituo cha treni: wanaume wenye mashavu yaliyolegea, macho mazito ya usingizi, nguo zisizo na mvuto wowote. Hakuna macho makubwa yanayong'aa. Halafu anarudia. Utakuta uso wa Akira katika fremu ya kwanza, uso ule ule katika fremu ya pili, hakuna maneno, na katika ya tatu anatoa jibu fupi ambalo halilingani kabisa na swali aliloulizwa. Kicheko kinatoka kwenye ile fremu ya pili. Kwa kuwa msomaji ndiye anayeamua akae kwenye ukurasa kwa muda gani, kimya hicho kinakuwa na urefu unaokufaa wewe.

Chukua tukio moja la mwanzoni. Akira amefika Osaka, vijana wawili wahuni wanamchokoza barabarani. Angetaka, wangelala chini kabla hawajajua nini kimewapata. Lakini mtu wa kawaida hafanyi hivyo. Kwa hiyo anaamua kupigwa, na hata kupigwa kwenyewe anakufanya kitaalamu: anageuza uso kidogo ngumi ifike bila kumvunja, anaiacha damu ya pua itoke kiasi cha kuaminika, kisha anaanza kulia kwa hofu. Kwenye manga unasoma hesabu zake ngumi kwa ngumi, na wakati huo huo unauona uso wake wa kulia, uliopinda vibaya kwa sababu hajawahi kulia mbele ya watu. Ni tukio la kuchekesha, na lina uchungu wake pia, kwa maana unamwona mtu ambaye hata woga inabidi auigize. Misaki, msichana anayefanya kazi kwa bidii kulipa deni lililoachwa na babake, anapita hapo na kumwonea huruma. Urafiki wao unaanzia kwenye uongo huo.

Filamu ya kwanza inalo tukio hili, na Junichi Okada analifanya vizuri sana kwa mwili. Unaona mabega yanavyopokea ngumi. Ila linapita haraka, na hesabu za kichwani zinapungua. Anime inalichukua taratibu zaidi, karibu na mwendo wa kurasa zenyewe.

Jambo jingine ambalo manga pekee inalipatia nafasi yake kamili ni yakuza wenyewe. Ebihara, kiongozi wa pili wa kundi la Maguro, anapokea agizo la kumlinda mgeni asiyemwamini, na kwa sura nyingi tunamwona akimpima: anaweza kutudhuru huyu? Je, nimwondoe mapema? Kuroshio, kijana wake anayeitwa Kuro, anatumwa amchunguze Akira na mwishowe anamwabudu. Wote wawili wana maisha yao, magonjwa yao, madeni yao ya heshima. Kojima, yakuza wa kundi hilo hilo, anapotoka gerezani na kuanza kuharibu kila kitu, tayari unajua Ebihara anamdai nini na anadaiwa naye nini, kwa hiyo unajua pia kwamba jambo hili haliwezi kuisha vizuri. Filamu inalifikia jambo hilo hilo ndani ya dakika 123, lakini uzito wake si sawa.

Tuje kwenye filamu. Ya kwanza ilitoka Japani Juni 2019, ikiongozwa na Kan Eguchi, aliyejijengea jina kwenye matangazo ya biashara. Okada alikuwa chaguo la watu wengi kutokana na mwili wake: ni mwigizaji aliyesomea sanaa za mapigano mpaka akapata vyeti vya kufundisha, na pia ni mwigizaji wa tamthilia nzito. Mwaka 2015 alichukua tuzo mbili za filamu za Japan Academy kwa mkupuo, ya mwigizaji mkuu na ya mwigizaji msaidizi, kwa kazi mbili tofauti. Mapigano ya filamu hiyo yalipangwa pamoja na Alain Figlarz, Mfaransa aliyefanya kazi kwenye filamu ya The Bourne Identity. Unaona alama zake: mapigano ya karibu, vyumba vyembamba, kila kitu kilicho karibu kinatumika.

Waigizaji ndio hazina ya filamu hii. Jackal Tomioka anachezwa na Daisuke Miyagawa, mchekeshaji wa kweli kutoka Yoshimoto Kogyo, kampuni iliyoanzia Osaka mwaka 1912 na ambayo imelea kizazi baada ya kizazi cha wachekeshaji wa huko. Ukijua hilo, vipande vyake vifupi vya televisheni vinapata ladha nyingine, kwa sababu Osaka ndiyo Japani inaipa sifa ya mji wa kuchekesha watu, na filamu imemtoa mtu wake humo humo. Jiro Sato anacheza mwenye kampuni ya Octopus kwa mtindo wake wa kusitasita na kubwabwaja, na Fumino Kimura anampa Yoko ulevi na ukali kwa wakati mmoja. Lakini anayenifanya niirudie filamu hii ni Yuya Yagira katika nafasi ya Kojima. Yagira ndiye aliyepata tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 14, na hapa anatoa mtu ambaye ukimya wake unakuogopesha kuliko kelele zake. Kwa Kojima, filamu inaishinda manga. Sina shaka na hilo.

Kasoro yake kubwa iko mwishoni. Pambano la kiwandani, palipo na tanuri za kuchomea taka, ni refu, lina giza, lina maadui wengi wasio na sura, na Akira mwenyewe amevaa kofia ya kuziba uso. Kwa hiyo umeajiri mwigizaji mwenye uso unaoweza kusema mengi bila kutikisika, kisha umeufunika katika dakika ambazo mtazamaji anauhitaji zaidi. Sababu ya kisa ipo, kwani hatakiwi kutambulika. Bado ninaona ni hasara. Na baadhi ya vichekesho vimepandishwa sauti, kana kwamba mwongozaji aliogopa kwamba kimya hakitaeleweka.

Filamu ya pili, The Fable: The Killer Who Doesn't Kill, ni habari tofauti kabisa. Ilikuwa itoke Februari 2021, ikasogezwa hadi Juni mwaka huo kwa sababu ya korona. Inachukua kisa cha Utsubo, mtu mwenye shirika la kulinda watoto linaloonekana la heri, na chini yake anaendesha utapeli na mauaji. Pamoja naye kuna Hinako, msichana anayetumia kiti cha magurudumu. Filamu inafunguka miaka minne kabla, Fable akiwa kazini, gari likikimbia kwenye jengo la maegesho la ghorofa, Hinako akiwa ndani. Anamwokoa, lakini miguu haimrudii. Kwa hiyo wanapokutana tena Osaka, yeye akiwa Akira Sato wa Octopus, kila neno analomwambia lina mzigo ambao msichana haujui.

Hapa Okada amepewa jukumu la kupanga mapigano mwenyewe, na tofauti inaonekana. Pambano la jengo la makazi linalokarabatiwa, lililozungushiwa vyuma na mbao za mafundi kuanzia chini hadi juu, ni kati ya mapigano bora ya sinema ya Japani ya miaka hii. Akira anashuka na kupanda nje ya jengo, watu wanamjia kutoka kila ghorofa, wakazi bado wamo ndani, na vyuma vyote vinaanza kuporomoka huku yeye bado yuko juu yake. Kila hatua unaielewa: yuko ghorofa gani, anakwenda wapi, nani yuko nyuma yake. Na kwa kuwa haruhusiwi kuua, inabidi awazuie hata maadui wasianguke. Sharti la bosi linakuwa sehemu ya pambano lenyewe, jambo ambalo filamu ya kwanza haikulifikia.

Shinichi Tsutsumi, kama Utsubo, ana upole wa mwalimu mkuu unaotia baridi. Yurina Hirate anamchukua Hinako bila kuomba huruma. Dakika 131 zinapita haraka.

Sasa anime. Ilirushwa Japani kuanzia Aprili hadi Septemba 2024, ikitengenezwa na Tezuka Productions na kuongozwa na Ryosuke Takahashi. Hili la mwongozaji linastahili tulitazame kidogo. Takahashi alizaliwa 1943, aliingia Mushi Production, studio ya Osamu Tezuka, katika miaka ya 1960, na jina lake limeshikamana na Armored Trooper Votoms ya 1983, kazi ya vita iliyojaa askari waliochoka na wasiosema sana. Kumpa mzee wa miaka zaidi ya themanini hadithi ya muuaji aliye likizo kulionekana ajabu kwa wengi, lakini ukiitazama unaelewa. Haharakishi chochote. Anaiacha kamera ikae juu ya meza ya baa huku watu wanne wanaongea mambo ya kawaida, kama Minami anavyofanya kwenye kurasa.

Sauti ndizo nguvu yake. Kazuyuki Okitsu anamsemea Akira kwa sauti tambarare, ya chini, yenye pumziko kabla ya kila jibu, na pumziko hilo ndilo ile fremu ya pili niliyoisema. Miyuki Sawashiro kama Yoko anapita kutoka kucheka kwa kilevi hadi ukali wa kikazi ndani ya sentensi moja. Anayesikia Kijapani hata kidogo atafaidi zaidi, kwa sababu lahaja ya Osaka imejaa humo, na hilo kwenye tafsiri ya Kiingereza ya manga halisikiki.

Picha zenyewe, niseme wazi, ni za kawaida. Miondoko ni michache, nyuso hazina ule ukwaruzo wa mkono wa Minami, na linapofika pambano mara nyingi unaonyeshwa kabla na baada, kati yake kuna kidogo. Mtu aliyezoea anime za mapigano za miaka hii, ambamo kila ngumi imechorwa kwa jasho la watu kumi, atadhani ameonewa. Akivumilia vipindi vinne au vitano vya mwanzo atagundua kwamba anarudi kwa ajili ya watu, na atasahau suala la miondoko.

Kuna onyo linalohusu zote. Kisa cha Misaki kina vitisho vya kumwingiza kwa nguvu kwenye biashara ya ngono, na kisa cha Hinako kina unyonyaji wa namna hiyo pia. Manga haifumbi macho. Anime na filamu zinalainisha kidogo, ila si za kutazama sebuleni na watoto. Kinachonifanya nimheshimu Minami ni kwamba mateso ya wasichana hao hayafanyiwi mzaha hata mara moja. Kicheko kinasimama, na kinarudi baadaye kwa tahadhari.

Kwa hiyo uchague vipi? Kama unasoma, na Kiingereza hakikusumbui, anza na manga juzuu ya kwanza na usiangalie kingine mpaka kisa cha Kojima kiishe. Hakuna hoja ya kukuzungusha hapo. Mtu aliyechoka jioni, asiyetaka kushika kitabu lakini anayependa hadithi inayojengeka polepole, apewe anime, kipindi kimoja au viwili kwa usiku, na asiitazame yote kwa mfululizo kwa sababu utulivu wake utamchosha.

Anayetaka filamu ya jioni moja tu na mwenzake ambaye hajui lolote kuhusu manga, mimi ningemwekea filamu ya pili kwanza. Najua wengi watakataa. Lakini inaeleza yenyewe Akira ni nani, sharti ni lipi na Yoko ni nani kwake, na ni filamu iliyokamilika. Ya kwanza aitazame baadaye kwa ajili ya Yagira. Anayependa mapigano kuliko yote, naye aende huko huko kwenye filamu ya pili.

Jambo moja la mpangilio. Anime haifiki mwisho wa juzuu ya 22, na filamu mbili zinachukua visa viwili tu, hivyo atakayetaka kujua mwaka wa Akira unaishaje lazima arudi kwenye kurasa. Ukirudi, usirukie pale skrini ilipokomea. Anza juzuu ya kwanza, kwa sababu watu wa pembeni, hasa Ebihara na Kuro, hawatakuwa na maana kamili bila sura zile za mwanzo. The Second Contact, mwendelezo ulioanza 2021, uache kabisa mpaka umemaliza juzuu zote 22, kwani kurasa zake za mwanzo tu zinakuonyesha nani amebaki hai.